Kuta za Zamani na Tetemeko la Inchi

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa makatekista mbele ya wakristu na wageni, kwa nafasi ya Yubilei ya parokia)



Komite ya Yubilei imenipa nafasi ya kusema, na ninaishukuru. Wengine wamekwisha kuwafasiria habari za mapadri waliotutumikia, za ubatizo wa kwanza, za miaka ya mateso na ya kukimbia. Mimi nimepewa neno dogo zaidi na, mtanisamehe, neno la vumbi: kuta. Katika mwezi wa tano enjenieri mmoja alitoka Bukavu, akakaa kwetu siku mbili, akalipima kanisa hili pamoja na vyumba vya zamani vya masomo. Mimi nilimshikia ngazi, nikaandika katika daftari kila alilosema. Kwa hiyo maneno ya ufundi mtakayosikia ni yake. Maneno makali, kama yako, ni yangu.

Sote tunajua kwamba feza ya Yubilei ilikusanywa kwa kazi tatu: kulipaka kanisa rangi, kubadili sakafu, na kujenga mnara wa kengele juu ya uso wa kanisa. Nimesikia wengi wakisema: «Jengo hili halina hatari, lilikwisha kuimarishwa zamani.» Ni kweli, mikono ya watu ilijaribu kuliimarisha, tena si mara moja. Lakini mgonjwa aliyemeza dawa hatumwiti mzima kwa sababu amemeza dawa. Tunamgusa uso tuone kama homa imetoka. Kazi ya siku mbili zile ilikuwa hiyo: kuligusa jengo uso.

Mtu atauliza: kwa nini kuhangaika na jambo hili, sisi wenye taabu nyingi namna hii? Jibu liko mbele ya macho yetu, ni ziwa. Tanganyika ina kina cha metre 1 470 pahali penye kina zaidi. Shimo la namna ile halikuchimbwa na maji. Ni inchi yenyewe iliyopasuka, na ingali inaachana polepole, upande wetu ukienda huku, upande wa Tanzania ukienda kule. Milima hii inayopanda tokea Baraka kwenda Fizi ni ukingo wa mpasuko ule. Basi sisi hatukujenga karibu na mlango wa hatari. Tumejenga juu ya kizingiti chake.

Wazee wetu walisikia tetemeko la tarehe 22 mwezi wa tisa 1960, lililotikisa upande wa Uvira. Tarehe 24 mwezi wa kumi 2002 ilikuwa zamu ya Kalehe. Tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2005, saa nane ya mchana, inchi ilitetemeka chini ya ziwa karibu na Kalemie kwa nguvu ya 6,8; lilisikiwa mpaka Nairobi, na katika mji wa Kalemie nyumba nyingi zilibomoka na watu wakafa. Tena siku ya Mungu, tarehe 3 mwezi wa pili 2008, saa tatu na nusu ya asubuhi, ilikuwa Bukavu na ngambo ya Rwanda. Nguvu yake ilikuwa 5,9. Mtazani 5,9 na 6,8 ni karibu sawa. Sivyo, maana katika hesabu ile hatua moja nzima ni nguvu mara 32 hivi. Lile la Kalemie lilikuwa kubwa kupita sana. Lakini lile dogo la Bukavu ndilo lililoua watu wengi zaidi, kwa sababu lilitokea karibu na miji na vijiji vyenye watu wengi, chini ya kuta nzito, saa ya sala. Huko Rusizi, ngambo ya Rwanda, kanisa liliwaangukia watu waliokuwa ndani yake wakimwomba Mungu.

Tangu siku ile nimesikia mahubiri fulani barabarani yakisema kwamba wale walikuwa na zambi kupita wengine. Bwana wetu alikwisha kujibu neno hili alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Someni Luka, sura ya 13. Hakuwaacha wasikilizaji wake waseme kwamba wafu wale walikuwa wakosefu kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Injili haituambii kama fundi wa mnara ule alifunga kuta zake vizuri, lakini mimi kila ninapoisoma ninajiuliza.

Sasa niwafasirie namna ukuta unavyokufa. Katika seminari ndogo tulifundishwa kwamba kitu kizito hakipendi kuhamishwa gafula. Inchi inapokimbia, msingi wa ukuta unakwenda nayo. Kichwa cha ukuta kinataka kubaki pahali pake. Chukueni ukuta wa urefu wa metre 10, wenye kupanda metre 6, na unene wa santimetre 40, mfano wa kuta zetu. Uzito wake unapita tani 40. Tetemeko likiusukuma kwa sehemu moja tu katika tano ya uzito wake, ni kama tani nane zimeuegemea kwa ubavu. Tafari la kuchomwa linaweza kubeba mzigo mkubwa juu ya kichwa; haliwezi kuvutwa. Na kitu kinachoshika tafari na tafari hapa kwetu ni nini? Mafundi wa zamani hawakuwa na simenti nyingi. Walitumia potopoto, na chokaa kidogo pahali pa heshima. Enjenieri alikwangua katikati ya matafari kwa msumari wa kawaida, na msumari ukaingia kama katika mkate.

Wazee wetu Wabembe walijenga kwa miti na udongo, dari la majani. Nyumba ile inachezacheza, inapinda, udongo unamwagika, lakini watu wanatoka. Sisi tuliizarau nyumba ile tukaiita ya umaskini. Siwaombi turudi huko. Ninasema tu kwamba tulipopokea tafari tulipokea pia madeni yake.

Ukuta wa matafari unaokoka kama hauko peke yake. Kuta nne zikishikana kwenye pembe zote, na dari likizishika kwa juu, zinakuwa sanduku. Ondoeni misumari katika sanduku la mbao: mbao zote ziko bado, hata moja haikuvunjika, na sanduku halipo tena. Basi mtu akitaka kujua kama jengo la zamani limeimarishwa kweli, asiulize ni magunia mangapi ya simenti yalitumiwa. Aulize nini kinashika nini.

Tulikuta nini hapa? Tazameni juu yenu. Mnaona vyuma viwili vinavyovuka kanisa tokea ukuta wa ziwa mpaka ukuta wa mlima. Wazee wanasema viliwekwa baada ya tetemeko la 1960. Sisi tumezoea kutundika juu yake vitambaa vya sikukuu, na leo pia viko vimepambwa. Vyuma vile ni kazi ya akili kupita zote zilizofanywa katika jengo hili. Kila kimoja kinatoboa ukuta na kutoka nje, na nje kuna bamba la chuma linaloshika matafari, lililokazwa kwa nati. Enjenieri alipanda, akagonga cha kwanza kwa nyundo: kililia kama kengele. Akagonga cha pili: kilitoa sauti ya gunia. Cha pili kimelegea, hakivuti kitu. Ukuta ungeweza kwenda nje kiasi cha kidole kabla hakijaanza kufanya kazi. Tulipotoka nje tukaona sababu: chini ya bamba waliweka ubao, na mchwa ameula. Dawa yake ni kuondoa ubao ule, kulaza bamba juu ya simenti, na kukaza nati kwa ufunguo. Ni kazi ya siku moja. Kwa miaka mingi tuliimba chini ya chuma kile tukizani kinatushika.

Kisha mtazame upande wa ziwa, nje. Kuna nguzo nne nene za matafari zilizojengwa kuuegemea ukuta baada ya 2005. Ukiziangalia toka mbali unapata moyo. Ukizikaribia, unaweza kupitisha upanga katikati ya nguzo na ukuta, tokea magoti mpaka juu ya kichwa. Fundi hakuyaingiza matafari ya nguzo ndani ya matafari ya ukuta. Aliyasimamisha kando tu, juu ya msingi mfupi, na nguzo zimeanza kuinama kwa uzito wake zenyewe. Siku ya tetemeko nguzo na ukuta vitatembea kila kimoja kwa mwendo wake, vikigongana kama mitumbwi miwili iliyofungwa vibaya. Nguzo za namna hii haziongezi nguvu, zinaongeza mzigo. Aliyezijenga alikuwa mtu wa nia njema, na sitaki jina lake litajwe.

Cha tatu ni mkanda wa beto, ule ambao mafundi wetu wanauita shenaji, juu ya mlango mkubwa. Mkanda ni jambo jema. Katika jengo jipya ningeuomba kabla ya kuomba kitu kingine. Lakini huu unatoka pembe moja ya uso wa kanisa mpaka pembe nyingine, kisha unaisha. Haukuzunguka. Mshipi unaofika mbavuni tu hauwezi kushika suruali. Na juu yake imebaki pembetatu kubwa ya matafari, inayopanda mpaka chini ya manjanja, haikufungwa na mbao za dari hata kwa waya. Pembetatu ya namna hii, katika kila inchi inayotetemeka, ndiyo ya kwanza kuanguka. Inaangukia wapi? Inaangukia mlangoni, pale ambapo watu wote wanakimbilia. Ndipo tunapotaka kujenga mnara.

Nimefika kwenye chokaa na simenti tulivyopaka juu ya nyufa. Wazee wa zamani walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni mezali ya kweli, lakini naona tumeisikia nusu. Ufa ni kinywa cha ukuta, unatuambia ni wapi panapouma. Sisi tumeufunga kinywa, kisha tumeketi kwa amani. Nabii Ezekieli, sura ya 13, aliwakasirikia sana wale waliopaka chokaa ukuta zaifu ili watu wauone mzuri, na alisema mvua ya nguvu itauonyesha ulivyo. Ninawasihi waliopanga kazi ya rangi wasome sura ile kabla ya kununua ndoo.

Kuziba kwa kweli kupo. Unasafisha ufa mpaka ndani, unaingiza chokaa nyembamba yenye maji ikinywa kila pahali, unashona pande mbili kwa matafari marefu au kwa chuma. Lakini kwanza unauliza kama ufa ungali unatembea. Enjenieri alitufundisha namna isiyoomba feza: unapaka kipande chembamba cha simenti kukatisha ufa, unaandika tarehe juu yake kwa msumari, unaacha. Kikipasuka, ukuta unatembea. Tuliweka vipande 15 katika mwezi wa tano. Mpaka juma lililopita vitatu vilikuwa vimepasuka, vyote kwenye pembe moja, ile ya mbele upande wa ziwa. Hakuna tetemeko lililotokea hapa katika miezi hiyo ambalo sisi tulilisikia. Ni nini basi? Chini ya pembe ile ndipo maji yote ya manjanja yanapomwagika, kwa sababu hatuna mfereji wa kuyapokea. Udongo unalainika, msingi unashuka. Ndugu wa Baraka wanajua zaidi yetu habari hii, wao waliomwona Tanganyika akipanda tokea 2020 na kuingia nyumbani mwao. Ukuta wa potopoto uliokunywa maji kwa chini umekwisha kupoteza nusu ya vita kabla ya vita, na mchanga wenye maji unatikisika kupita jiwe la mlimani.

Mtaniambia: huyu ni katekista, anaogopa bure. Basi twende kwa wenzetu. Mapadri Wasaveriani, waliofika katika sehemu hizi tokea 1958, kwao ni Italia, inchi ya makanisa ya kale na ya matetemeko mengi. Tarehe 26 mwezi wa tisa 1997 tetemeko lilitikisa Asizi usiku. Asubuhi mafundi na watawa waliingia katika Bazilika ya Mtakatifu Fransisko kupima nyufa. Kabla ya saa sita, tetemeko la pili likaja. Sehemu za dari la mawe zikawaangukia, watu wanne wakafa, watawa wawili na mafundi wawili. Walikuwa wakifanya kazi ile ile niliyoifanya mimi na ngazi yangu. Na wataalamu walipochunguza waliona kwamba juu ya dari lile, katika vipindi vingi vya matengenezo, vifusi vilikuwa vimeachwa vikajaa, uzito wa bure ambao hakuna aliyeuhesabu. Matengenezo yenyewe yalikuwa yamezaa mzigo.

Katika vijiji vya jimbo lile lile walijifunza jambo la uchungu zaidi. Kwa miaka mingi waliamini beto kama sisi tunavyoiamini. Waliondoa madari ya mbao, wakaweka juu ya kuta za zamani za mawe madari na mikanda mizito ya beto, wakasema sasa tumepona. Mwaka ule wa 1997, tena mwaka 2016, ilionekana kwamba beto imebaki nzima na ukuta uliokuwa chini yake umesagika. Kitu kigumu na kizito kiliwekwa juu ya kitu laini. Kwa hiyo leo wanarudi kwenye vyuma vya kuvuta, kwenye mbao zilizofungwa vizuri, kwenye mikanda myepesi. Yaani wanarudi kwenye dawa ile ile inayoning'inia hapa juu ya vichwa vyetu chini ya vitambaa vya sikukuu.

Mfano mwingine unatoka mbali zaidi, New Zealand, mji wa Christchurch. Tarehe 22 mwezi wa pili 2011 tetemeko liliua watu 185 katika mji ule na pembeni yake. Mji ulikuwa na nyumba nyingi za matafari yasiyo na vyuma ndani, na nyingi zilikuwa zimeimarishwa, moja kwa kiasi hiki, nyingine kwa kiasi kile. Walimu wa vyuo vikuu wakazichunguza moja moja. Zilizoimarishwa mpaka kufikia nguvu inayodaiwa kwa nyumba mpya zilisimama vizuri. Zilizofikia sehemu mbili katika tatu zilisimama kwa wastani. Zilizofikia sehemu moja tu katika tatu hazikupita sana zile ambazo hazikuguswa kamwe. Sikilizeni vema, wenye mifuko: kazi ya kiasi kidogo sana, ya kutuliza zamiri, haikuonekana na tetemeko. Waliona pia kwamba chuma kilichobandikwa kwa gundi ndani ya tafari zaifu kilichomoka mara nyingi, na kile kilichotoboa ukuta wote na kushikwa na bamba kwa nje kilishika zaidi. Kanisa kuu la kikatoliki la mji ule lilikuwa limeimarishwa miaka michache mbele. Minara yake ya mbele ilianguka, sehemu nyingine zilibaki zimesimama kwa majeraha makubwa. Miaka ikapita watu wakibishana, na mwishowe, mwaka 2020 na 2021, likabomolewa.

Neno hili la kubomoa limetajwa hata hapa. Vijana wengine wanasema: tubomoe, tujenge jipya la beto. Siwacheki. Huko Fort Portal, katika Uganda, kanisa kuu la Virika liliharibiwa na tetemeko la tarehe 20 mwezi wa tatu 1966, lile lililoua watu wengi pia upande wa Beni. Walijenga lingine, na wanasali ndani yake mpaka leo. Bukoba nako, baada ya tarehe 10 mwezi wa tisa 2016, shule ya Ihungo, iliyoanzishwa na wamisionari, ilijengwa upya. Kuna saa ambapo kubomoa ni busara. Lakini beto mbaya inaua kupita tafari, na beto ya kokoto za mviringo za ziwa, mchanga wenye udongo na ferabeto chache, nimeiona katika majengo mapya ya barabara hii. Enjenieri mwenyewe hakutuambia kubomoa. Alisema: kuta ni nene, manjanja ni mepesi, pembe tatu katika nne ni nzima, jengo linaponyeka.

Tena kuna neno ambalo enjenieri hakuliandika. Katika inchi hii ya Fizi, majengo ya Kanisa ni machache yaliyobaki kutushuhudia. Misioni ya kwanza ya Mapadri Weupe huko Masanze, mwaka 1880, iko wapi? Kibanga ya Ubwari, ya mwaka 1883, iliachwa kabla karne ile haijaisha. Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1964 Padri Luigi Carrara na Furere Vittorio Faccin waliuawa Baraka, na siku ile ile Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert waliuawa Fizi. Tulikuwa Uvira tarehe 18 mwezi wa nane 2024 walipotangazwa Wenye Heri. Wageni wanakuja sasa, wanauliza: walisali wapi, walitembea wapi? Tukiwaonyesha beto ya mwaka jana watatuamini kwa shida. Lakini sitaki mtu yeyote afe kwa ajili ya kumbukumbu. Mashahidi wale walitoa uzima wao wenyewe, hawakutoa uzima wa watoto wa katekisimu.

Kwa hiyo, Baba Askofu, nitasema mbele yako neno ambalo katika komite halikupendeza wote. Mnara ungojee. Ni tani nyingi za matafari juu ya pembetatu ambayo haijafungwa, juu ya pembe ambayo inashuka. Kengele yetu ililia miaka yote hii juu ya mti wa mwembe na tuliisikia. Rangi ingojee pia, mpaka vipande vya simenti viache kupasuka. Feza iliyopo itumike kwanza kwa mfereji wa maji, kisha kufunga ile pembetatu na mbao za dari, kisha kwa vyuma vingine vinne vya kuvuka kanisa pamoja na mabamba yake; mafundi wetu wa kuunga vyuma wanaweza kuyatengeneza hapa hapa. Nguzo nne za upande wa ziwa zishonwe ndani ya ukuta tokea msingi, au ziondolewe. Na milango, ambayo leo inafunguka kwa ndani, igeuzwe ifunguke kwa nje, wala isitiwe kufuli wakati wa misa kwa sababu ya wezi wa baiskeli. Tutamweka mtu mmoja alinde baiskeli.

Na kama feza haitatosha kwa kanisa na masomo pamoja? Swali hili liliulizwa, kisha likanyamaziwa. Mimi ninajibu: vyumba vya masomo kwanza. Kanisa linajaa saa tatu kwa juma. Vyumba vile vitatu vya zamani vinajaa siku sita, watoto wakibanana benchi kwa benchi, na pembetatu zake ni zaifu kupita hizi. Ninajua kwamba wakarimu wengi walitoa feza yao wakitaja kanisa. Nimemwuliza Padri mkubwa wa parokia. Amesema tutawaendea mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, kuwaomba ruhusa, na majina ya waliokubali yatasomwa. Wanne wamekwisha kukubali. Mmoja amekataa kwa heshima, na mchango wake utakwenda kwenye mfereji.

Baada ya tetemeko lolote, hata dogo, mtu asirudi ndani siku ile kuchukua vyombo vya misa wala kuangalia nyufa. Tusali nje. Kumbukeni wale wanne wa Asizi.

Siku ya posho ijayo, baada ya misa ya asubuhi, kutakuwa salongo kwenye pembe ya ziwa: kuchimba njia ya maji na kuufunua msingi tuuone. Shirika za mlimani zilete majembe, shirika za pwani zilete mitungi na mawe. Ngazi ndefu mbili ziko kwa Padri. Tunahitaji ya tatu, ya metre 7, na mwenye nayo anione mlangoni tukitoka. Daftari la vipande 15 litakaa sakristia, na kila siku ya Mungu mmoja wa vijana ataandika ndani yake vilivyopasuka na vilivyo vizima.